Kucheza Bila Kutumwa: Safari ya Neno Moja la Kiingereza Hadi Gotu

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna mazoea ya kuyakimbilia maneno makubwa. Tukiulizwa kuhusu matatizo ya tafsiri, aghalabu hutaja maneno ya siasa, sayansi na teknolojia, yaani yale yanayoundiwa kamati na kuandikiwa orodha za istilahi. Maneno madogo huachwa yajitafutie riziki. Hudhaniwa kwamba maadamu mtu yeyote anajua kucheza, basi mtu yeyote anaweza kutafsiri neno linalohusu kucheza. Katika makala haya ningependa kumwomba msomaji tulitazame pamoja neno moja dogo la namna hiyo, nalo ni neno la Kiingereza 'frolic'.

Si neno la kila siku. Mtu anaweza kufanya biashara, kusafiri na kusoma magazeti ya Kiingereza kwa miezi kadhaa asikutane nalo. Hata hivyo, mimi limenijia mara mbili nikiwa na watu wa kwetu Gotu. Mara ya kwanza lilikuwa katika kitabu cha shule cha mtoto. Mara ya pili lilikuwa mahakamani, na juu yake palikuwa na swali zito: nani atalipia mguu wa binamu yangu? Nimeandika makala haya kwa sababu neno hilohilo lilitafsiriwa kwa kitenzi kilekile mara zote mbili, na tafsiri ambayo ilipungukiwa kidogo kitabuni iliumiza mahakamani.

Kwanza tulijue neno lenyewe. 'Frolic' liliingia katika Kiingereza katika karne ya 16 kutoka Kiholanzi, ambako neno 'vrolijk' maana yake ni mchangamfu, mwenye furaha. Wajerumani wana ndugu yake, 'fröhlich', lenye maana hiyohiyo. Lilipofika Uingereza lilikuwa kivumishi, likimsifu mtu mchangamfu. Baadaye likawa kitenzi, halafu nomino. Mabadiliko hayo yanafaa kuzingatiwa. Neno lilianza kwa kutaja hali ya moyo, likaishia kutaja mwendo wa mwili. Yaani furaha iliyokuwa ndani ilishuka hadi miguuni. Anayefanya kitendo hiki hachezi mchezo wowote wenye jina, wala hana kanuni, mshindi au mshindwa. Mwili wake unaruka kwa sababu moyo wake umejaa.

Kiingereza kina maneno jirani yake, na kila moja lina tabia yake. 'Romp' ni mchezo wa kelele na vurugu, kama wa watoto wanaoangushana chini. Waandishi wa habari za michezo hulitumia pia kwa timu inayoshinda bila jasho, na magazeti ya udaku hulitumia kwa mambo ya faragha. 'Gambol' limetokana na maneno ya Kifaransa na Kiitaliano yanayohusu mguu, na kwa hiyo huonyesha kuruka kwa mwanakondoo. 'Frolic' ndilo lililobaki karibu zaidi na furaha yenyewe. Ukiyaweka matatu hayo pamoja, unaweza kusema kwamba la kwanza lina kelele, la pili lina miguu, na la tatu lina moyo.

Sasa twende Gotu. Gotu iko katika kaunti ya Isiolo, kwenye njia itokayo mjini Isiolo kuelekea Merti, karibu na mto Ewaso Ng'iro. Huu ndio mto unaopita katika hifadhi za Samburu, Buffalo Springs na Shaba kabla ya kuendelea mashariki kuelekea kinamasi cha Lorian. Ni nchi ya migunga, mawe na vumbi. Uhai wake umefungamana na mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia. Waborana wanaishi hapo, na Waturkana pia. Nyumbani tunazungumza Kiborana. Kiswahili tunakutana nacho sokoni, shuleni na barabarani. Kiingereza tunakutana nacho ubaoni na katika karatasi za serikali. Kwa hiyo mtoto wa Gotu anayesoma kifungu cha Kiingereza anakuwa amevuka lugha mbili kabla ya kufika.

Mpwa wangu alikuwa na kifungu cha namna hiyo. Kilieleza asubuhi ya nchi za mbali, nyasi za kijani kibichi, na wanakondoo waliokuwa wakifanya kitendo hicho kinachotajwa na neno letu. Aliniuliza, "Mjomba, wanafanya nini hawa?" Nilimpa kwanza jibu ambalo kamusi nyingi za lugha mbili zingempa: wanacheza. Akauliza, "Wanacheza mpira?"

Swali hilo halikuwa la utani. Katika Kiswahili anachokijua yeye, mtu hucheza kitu. Hucheza mpira, hucheza ngoma, hucheza bao, hucheza kadi. Nikamwuliza wanambuzi wetu hufanya nini jioni, kabla mama zao hawajarudi kutoka malishoni. Alicheka. "Wanarukaruka tu," akasema, "hakuna aliyewatuma."

Nimesoma maelezo mengi ya neno hilo tangu siku hiyo, na sijapata lililolikaribia hili. Ili kuelewa uzito wake, yafaa msomaji ajue kwamba mtoto wa Gotu hutumwa tangu anapoweza kutembea. Hutumwa maji, hutumwa kuni, hutumwa kumrudisha mbuzi aliyepotea, hutumwa dukani sukari na majani ya chai. Akitulia kidogo huitwa jina lake, naye hujua kwamba kuna safari. Siyasemi haya kwa kulalamika. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo boma linavyoendeshwa. Lakini ndani ya maisha ya kutumwa, mtoto anajua vizuri sana tofauti kati ya mwendo alioagizwa na mwendo uliotoka kwake mwenyewe. Mwanambuzi anayeruka juu ya jiwe, akateremka, akaruka tena, hakuagizwa na mtu. Hiyo ndiyo maana aliyoiona mpwa wangu.

Wafugaji wa kwetu hawautazami mchezo huo kama burudani tu. Wanambuzi wachanga hawafuati kundi kwenda malishoni, kwa kuwa hawana nguvu za safari ndefu. Huachwa nyumbani katika kivuli, wakanyonya asubuhi kabla ya mama zao kuondoka, na jioni wanaporudi. Jua linapopungua makali huanza kuruka. Bibi yangu, ambaye kwetu tunamwita Akko, alikuwa na desturi ya kusimama kando ya zizi saa hiyo. Hakuwa akiwatazama wale waliokuwa wakiruka. Alikuwa akiwatafuta wale waliosimama. Mwanambuzi aliyesimama peke yake huku wenzake wakiruka alikamatwa akachunguzwa kitovu, masikio, kupe na mdomo, na mama yake akakaguliwa kiwele. Kwa hiyo mchezo ulikuwa habari. Ulimwambia mfugaji kwamba maziwa yanatosha na kwamba ugonjwa haujaingia.

Kiangazi cha miaka ya karibuni kilitufundisha jambo hilo kwa uchungu. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwisho wa mwaka 2022, misimu 5 ya mvua ilipita bila mvua ya kutosha katika maeneo makavu ya Kenya. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa nchini, na Isiolo ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoathirika sana. Mtu wa mjini akiulizwa dalili za ukame atataja mizoga kando ya barabara, kwa kuwa ndiyo inayopigwa picha. Lakini mizoga huja mwisho. Kabla ya mizoga, maziwa hupungua. Mama huwa hana ya kumtosha mtoto wake, na yale kidogo aliyonayo hugombewa na mwanambuzi na binadamu. Na kabla mwanambuzi hajakonda kiasi cha kuonekana, huacha kuruka. Zizi hunyamaza jioni. Mvua iliporejea mwezi Machi 2023, mchezo nao ulirejea kabla ya unono. Niliwaona wanambuzi wenye mbavu za kuhesabika wakirukia mawe.

Wanasayansi wamelieleza jambo linalofanana na hilo kwa lugha yao. Phyllis Lee, aliyewachunguza tumbili wa Amboseli hapa Kenya na kuchapisha matokeo yake mwaka 1984, alionyesha kwamba tumbili wadogo hupunguza mchezo wakati wa kiangazi, chakula kinapokuwa haba. Mnyama mwenye njaa huzitumia nguvu zake kutafuta chakula na kukaa hai, na mchezo ni wa kwanza kuachwa. Akko hakusoma utafiti huo, na hakuhitaji kuusoma. Ninautaja ili tuone kwamba neno tunalolijadili si pambo la lugha. Kitendo kinachotajwa nalo kina gharama, nacho hufanywa na kiumbe mwenye akiba.

Lipo jambo jingine kuhusu matumizi ya neno hili na maneno jirani zake katika Isiolo. Nchi yetu iliwahi kujulikana duniani kwa Kiingereza kwa sababu ya mchezo wa mnyama. George Adamson alikuwa afisa wa wanyamapori katika mkoa wa mpakani wa kaskazini, makao yake yakiwa Isiolo. Mwaka 1956 aliwaleta nyumbani watoto watatu wa simba, na mmoja wao, Elsa, akalelewa na mkewe, Joy Adamson. Kitabu cha Joy kuhusu Elsa kilitoka mwaka 1960, filamu ikafuata mwaka 1966, na mamilioni ya watu wakampenda simba aliyecheza na watu. Joy mwenyewe aliuawa Shaba mwaka 1980. Siwaonei wivu Elsa na dada zake. Ninachosema ni kwamba katika maandishi ya Kiingereza kuhusu nchi hii, wanyama wamepewa maneno mengi ya furaha, na watoto wa wafugaji wamepewa maneno ya ripoti: idadi yao, utapiamlo wao, umbali wao kutoka shuleni na visimani. Yote hayo ni kweli na yanapaswa kuandikwa. Lakini msomaji wa ripoti hizo angeweza kudhani kwamba mtoto wa Gotu hajapata kuruka hata siku moja bila sababu. Mwenye kutaka kuyaandika maisha ya mtoto huyo kwa Kiswahili anahitaji maneno ya furaha yake pia.

Je, Kiswahili kinayo? Kinayo, lakini yametawanyika. Kitenzi 'cheza' kina kazi nyingi mno. Hubeba ngoma, michezo yenye kanuni, kamari, sanaa ya jukwaani na hata dharau, kwani mtu huambiwa asichezee mali ya mwenzake. Wahenga waliposema mcheza kwao hutunzwa walikuwa na ngoma akilini, tena ngoma yenye watazamaji na tuzo. Mwanambuzi hatunzwi na mtu, wala hajali kama anatazamwa. Tena tunaposema jambo fulani si mchezo, tunamaanisha kwamba lina uzito, kana kwamba mchezo wenyewe hauna uzito wowote. Akko angelipinga hilo.

Kuna 'chachawa', ambalo hutaja uchangamfu unaomfanya mtu asitulie. Hilo liko karibu na moyo wa neno letu, na ni hasara kwamba wengi wa rika langu hawalitumii. Kuna 'randa', ambalo ni kutembea kwa madaha na kurukaruka kwa furaha. Kuna pia 'jivinjari', ambalo limekuwa na safari ya kushangaza. Kuvinjari kulikuwa kuzungukazunguka kwa chombo baharini kwa ajili ya ulinzi. Leo vyombo vya habari vya Kenya husema kwamba watu wanajivinjari wakiwa likizoni, na wakati mwingine neno hilo huwa stara ya mambo ya faragha, sawasawa na 'romp' katika magazeti ya udaku ya Uingereza. Kutokana na mzizi huohuo tumepata 'kivinjari', programu ya kuzungukia intaneti. Basi neno la walinzi limekuwa neno la wastarehe. Lugha inayoweza kufanya hivyo haiwezi kusemwa kuwa ni maskini wa maneno ya furaha.

Hata hivyo, jibu bora zaidi naliona katika sarufi kuliko katika msamiati, nalo ndilo alilolitumia mpwa wangu bila kufundishwa: uradidi. Mtu aliyeruka aliruka kitu, kama mtaro au ukuta. Aliyerukaruka hana anachokiruka. Aliyekimbia alikuwa anaelekea mahali au anakimbia hatari. Aliyekimbiakimbia hana mwisho wa safari. Aliyetembea alifika, aliyetembeatembea alirudi alikotoka. Uradidi wa vitenzi katika Kiswahili una kazi kadhaa, na mojawapo ni hii ya kukiondolea kitendo shabaha yake kikabaki kitendo kitupu. Lakini tuangalie pia kwamba uradidi hauna huruma. Ukikirudia kitenzi 'randa' unapata 'randaranda', na mwenye kurandaranda hana sifa njema. Ni mzururaji, na mwenye duka humtazama kwa jicho la pembeni. Mwendo usio na shabaha ukifanywa na mwanambuzi ni furaha. Ukifanywa na kijana asiye na kazi ni kosa. Kilichobadilika ni yule anayefanya na yule anayemtazama.

Hapo ndipo tunafika mahakamani, kwa maana Kiingereza nacho kimelipeleka neno lake huko, na huko si neno la sifa. Binamu yangu aliajiriwa kama utingo wa lori lililokuwa likibeba mbuzi. Siku moja, baada ya mbuzi kushushwa, dereva aliiacha njia ya kurudi akachukua njia nyingine. Lori likapinduka, na binamu yangu akavunjika mguu vibaya. Shauri la fidia lilipofika katika mahakama moja ya chini, nilifuatana na shangazi yangu, mama yake kijana huyo. Sheria za Kenya zinaruhusu mahakama za chini kuendesha kesi kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Siku hiyo mawakili walizungumza Kiingereza, karani akatafsiri kwa Kiswahili, na kwa kuwa shangazi hajui Kiswahili cha kutosha, mkalimani mwingine akamfikishia kwa Kiborana.

Wakili wa mwenye lori alijenga hoja yake juu ya neno letu. Alisema kwamba dereva alikuwa katika 'frolic' yake mwenyewe. Karani akasema kwamba dereva alikuwa anacheza. Mkalimani wa Kiborana akalichukua neno 'kucheza' akalirudisha kwa neno letu la mchezo, 'tapha'. Kwa hiyo neno lilivuka mito miwili, na lilipofika upande wa pili likawa habari kwamba kijana alivunjika mguu katika mchezo. Shangazi alisimama bila kuruhusiwa. "Mwanangu alikuwa kazini," alisema kwa Kiborana. "Nani anacheza na lori?" Watu wachache waliomwelewa waliinamisha vichwa.

Yeye hakuwa amekosea. Alilijibu neno alilopewa. Tatizo ni kwamba neno alilopewa silo lililosemwa. Maneno ya wakili yalikuwa na historia ambayo karani hakuwa na nafasi ya kuieleza. Mwaka 1834, katika kesi ya Joel dhidi ya Morison nchini Uingereza, mtu mmoja aliyegongwa na gari la farasi mjini London alimshtaki mwenye gari. Jaji Parke alieleza kanuni ambayo ingali inafuatwa katika mahakama za nchi nyingi zilizorithi sheria za Uingereza, Kenya ikiwemo. Mtumishi akiwa katika shughuli za tajiri wake, hata akipinda njia kidogo kumwona rafiki, tajiri atawajibika kwa madhara atakayoyasababisha. Lakini mtumishi akiwa ameiacha kabisa shughuli ya tajiri na kujiendea kwa mambo yake mwenyewe, tajiri hawajibiki. Ili kuitaja hali hiyo ya pili, jaji alitumia neno la furaha, lile lile la wanakondoo. Tangu wakati huo mawakili wamelirudia mpaka furaha yote ikakauka ndani yake. Dereva anayesemwa hivyo huenda alikuwa na huzuni siku hiyo. Huenda alikuwa akimpeleka mgonjwa. Sheria haimwulizi kuhusu moyo wake. Inauliza kama alikuwa ametumwa.

Kiswahili kina usemi wa hali hiyo, tena unaotumiwa na watu wa kawaida kila siku: hamsini zake. Mtu aliyeyaacha ya wenzake akafuata mambo yake husemwa kwamba ameshika hamsini zake. Laiti karani angesema kwamba, kwa mujibu wa wakili, dereva aliiacha kazi ya tajiri wake akashika hamsini zake, hoja ingefika nzima. Ingeweza kutafsiriwa kwa Kiborana bila kumtukana mtu. Na zaidi ya hayo, ingeweza kujibiwa. Shangazi yangu hakuwa na uwezo wa kuijibu hoja ya mchezo ila kwa hasira. Lakini hoja ya hamsini alikuwa na jibu lake, nalo lilikuwa ndani ya maneno yake yaleyale: hata kama dereva alikuwa katika hamsini zake, mwanawe hakuwa. Yeye alikuwa utingo aliyetumwa na lori hilo, na hakuwa na usukani. Kama jibu hilo lingetosha kisheria ni kazi ya mawakili kuamua. Shauri lenyewe baadaye lilimalizwa kwa maelewano nje ya mahakama. Lakini mama ana haki ya kuelewa anachojibu.

Simlaumu karani. Ni mtu mwenye lugha tatu kichwani na dakika sifuri za kufikiri, naye alifanya ambacho kamusi ingemshauri. Nalitazama jambo hili kama somo kwetu sisi tunaosoma tafsiri darasani kwa utulivu na chai mezani. Tunafundishwa kwamba maana ya neno hutegemea muktadha, nasi huliandika katika mtihani na kupata alama. Lakini muktadha si aya iliyotangulia tu. Muktadha ni nani anayetenda, nani anayetazama, na nani atalipa. Neno letu lina kiini kimoja, nacho ni kile alichokitaja mpwa wangu: mwendo ambao hakuna aliyekutuma. Zizini kiini hicho hutazamwa kwa upendo, na Kiswahili kinakipa 'rukaruka' na 'chachawa'. Mahakamani kiini hichohicho hutazamwa na tajiri anayekwepa deni, na Kiswahili kinakipa 'hamsini zake'. Mfasiri anayetafuta neno moja la kufaa mahali pote atawakosea mwanambuzi na mlalamishi kwa pamoja.

Kwa hiyo nina mapendekezo mawili kwa wenzangu. La kwanza ni kwamba tunapokusanya msamiati wakati wa utafiti wetu nyanjani, tuyakusanye pia maneno ya mchezo. Tumekwisha kuorodhesha majina ya zana, mitishamba, vyeo na viungo vya mwili. Sijaona wengi wakimwuliza mchungaji, au mvuvi wa Lamu, au mkulima wa Kilifi, anavyowaita watoto wanaoruka bila sababu, wanyama wanaokimbizana jioni, au samaki wanaochupa majini. Maneno hayo yapo, na baadhi yake yako katika lugha zinazopakana na Kiswahili, Kiborana ikiwa mojawapo. Yakikusanywa, huenda yakakifaa Kiswahili kama maneno ya Kiarabu na Kihindi yalivyokifaa zamani.

La pili ni kwamba ukalimani wa mahakamani uingie katika masomo yetu kwa uzito unaostahili. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hadhi hiyo haina faida kwa mama wa Gotu ikiwa misemo ya sheria inamfikia ikiwa imegeuka kejeli. Haitoshi kuwa na istilahi za 'mshtakiwa' na 'mlalamishi'. Misemo midogo inayopita haraka katika vinywa vya mawakili ndiyo inayoamua kama mtu wa kawaida ameisikia kesi yake au hakuisikia. Kazi ya kuiandalia misemo hiyo tafsiri zinazoeleweka inaweza kufanywa na wanafunzi wa uzamili kama sisi, kwa kukaa mahakamani na daftari na kusikiliza.

Mpwa wangu aliandika jibu lake katika daftari la shule kwa maneno yake mwenyewe: wanakondoo wale walikuwa wanarukaruka kwa furaha na hakuna aliyewatuma. Mwalimu wake alilipa alama zote. Nami naona alistahili.